Risiti ya Redio Niliyoitengeneza Mwenyewe

"Risiti iko wapi?"

Alikuwa ameishika redio yangu kwa mkono mmoja, kama mtu anavyomshika kuku wa kuchinja, kichwa chini, waya zinaning'inia. Nyuma yake mgambo wawili walikuwa wanamwaga betri zangu kutoka kwenye debe. Zilibingirika chini ya mabenchi ya wateja, nyingine kwenye majivu, nyingine mpaka barabarani. Na watu walikuwa wamejaa. Ungedhani soko zima la Babati limehamia kwenye kibanda cha shangazi yangu kumwangalia mhujumu uchumi aliyekamatwa. Mhujumu mwenyewe ni mimi, kanga imechanika, mwiko wa ugali mkononi.

"Haina risiti," nikamwambia. "Nimeitengeneza mwenyewe."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akawageukia.

"Jamani, mmesikia? Muuza ugali katengeneza redio. Redio ya wizi hii! Kesho atatuambia katengeneza ndege."

Jina lake silitaji, wanangu wamenikataza. Lakini cheo chake nitakitaja mpaka nichoke. Alikuwa msimamizi wa duka la ushirika la mtaa wetu, duka ambalo sukari ilikuwa inaingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma. Na ulipokuja msako wa walanguzi na wafichaji wa bidhaa, ni yeye aliyepewa kuongoza kundi la kwetu. Ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka ule, usiniulize kwa nini.

Sasa nirudi nyuma, maana kabla ya siku hiyo nilikuwa na raha, na hiyo raha nayo sitaki aichukue.

Mimi ni mtoto wa milimani, upande wa Mbulu. Nilisoma mpaka darasa la nne, baba akaona inatosha, kusoma barua nilishajua. Nilipokuwa mkubwa nikateremka Babati kumsaidia shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara kuu. Wakati huo hata mkoa wa Manyara haukuwepo, tulikuwa tunahesabiwa Arusha. Tulikuwa tunapika ugali wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, ambao ukiupakua mteja anauangalia kwanza kabla ya kunawa. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa ni ya kubahatisha. Chai tuliipika na tangawizi nyingi ili mtu asahau kwamba haina kitu kingine.

Basi lori moja likaharibika mbele ya kibanda chetu. Giaboksi. Dereva alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye upara, mcheshi. Tajiri wake akamtumia ujumbe kwamba asubiri, spea inatafutwa Dar es Salaam. Kusubiri spea enzi zile lilikuwa jambo la kuzeekea. Mahindi ya kijiji cha Sigino yalipandwa yakapaliliwa yakabeba, spea haijaja. Dereva akawa mtu wa kibandani. Anamenya viazi, anachochea moto, anabishana na shangazi kuhusu chumvi.

Siku moja ya mvua hakuna wateja, akapanda kwenye lori akarudi na balbu ndogo aliyoichomoa kwenye dashibodi, vipande viwili vya waya, na betri ya lori ameikumbatia kama mtoto.

"Binti," akaniambia, "umezoea kuwasha moto. Haya, washa hii."

Nikachukua waya. Sasa mimi nimekua nikifunga ndama na magunia. Kwangu mimi kitu kilichofungwa vizuri ni kile kilichokazwa. Nikaufunga ule waya kwenye ncha ya betri kwa fundo la gunia, nikauvuta kwa meno, nikaufunga na kwenye balbu vilevile, fundo juu ya fundo. Kimya. Nikakaza zaidi. Kimya.

Dereva alicheka mpaka akashika nguzo. "Binti, huyo si ndama, hatakimbia! Na umemfunga akiwa amevaa koti."

Koti ndilo lile plastiki la juu ya waya. Sikujua kwamba linatakiwa kuvuliwa. Nilidhani umeme unapita kama harufu, popote. Akanionyesha kulivua kwa meno mpaka shaba ikaonekana. Nikaunganisha tena. Kimya bado.

"Umempeleka, hujamrudisha," akasema.

"Nani?"

"Umeme. Angalia, ng'ombe wa huku kwenu asubuhi wanatoka zizini wanakwenda ziwani kunywa, si ndiyo? Jioni wanarudi. Umeme naye ni hivyohivyo, lazima awe na njia ya kwenda na njia ya kurudi. Tofauti yake ni moja tu, huyu akijua njia ya kurudi haipo, hata zizini hatoki."

Nikaweka waya wa pili, wa kurudi. Kwenye mwanga wa mchana ile balbu hukuweza kujua kama inawaka ama la. Nikajifunika kanga kichwani mimi na balbu yangu. Na humo ndani, jamani, palikuwa na kitone chekundu, halafu cha njano, kinaniangalia. Nilipiga kelele. Shangazi akadhani nimeungua, akaingiza kichwa chake na yeye ndani ya kanga, tukawa wawili humo, matako nje, tunaangalia taa.

"Yesu wangu," akasema shangazi. "Zima, zima, usiimalize!"

Kuanzia siku ile nikapata ugonjwa. Nasema ugonjwa kwa sababu hapakuwa na faida yoyote. Sikuwa natafuta kazi. Ilikuwa raha tu, kama wengine wanavyopenda kufuma vitambaa. Nikimaliza vyombo nafungua kitu. Tochi mbovu, honi mbovu, saa ya mtu. Dereva akanifundisha kwamba kabla hujasema kitu kimekufa, fuata njia kwa kidole, ya kwenda na ya kurudi, utakuta mahali imekatika au ina kutu. Mzee mmoja mfugaji, Mbarbaig wa upande wa Hanang, alileta tochi aliyosema imerogwa. Nikafuata njia. Kwenye ile springi ya chini kulikuwa na kutu ya kijani. Nikaikwangua kwa kisu cha vitunguu, tochi ikawaka machoni mwake. Akaruka nyuma, akacheka, akanipa mkono kama mwanaume mwenzake. Siku ya mnada uliofuata akaniletea kibuyu cha maziwa.

Vipimo vya mafundi sikuwa navyo. Nilitumia ulimi. Unachukua vipande viwili vya waya, kimoja mbele ya betri na kingine nyuma, unagusisha ncha zake ulimini. Betri iliyo hai ina uchachu mdogo kama limau lililokatwa jana. Iliyokufa haina ladha yoyote. Tahadhari, ni hizi ndogo za tochi tu, usije ukaramba nyingine. Mimi mpishi, ulimi wangu ulikuwa umezoea kazi, nikaweza hata kusema hii imebaki nusu, hii robo. Tatizo ni wateja. Utingo mmoja alinikuta nimetoa ulimi nje.

"Dada, unaonja betri halafu unakuja kuonja mchuzi wangu?"

"Mchuzi una chumvi kidogo kuliko betri," nikamjibu. "Unataka upi?"

"Nipe ugali mkavu!"

Spea ikaja hatimaye. Dereva akafunga giaboksi yake, akaagana na shangazi kwa kubishana mara ya mwisho kuhusu chumvi, akaniachia plaizi yake ya zamani na ile balbu. "Usikae na kitu kizima," aliniambia. "Kitu kizima hakimfundishi mtu." Akaenda zake. Sikumwona tena, na kila lori la rangi ile likipita mpaka leo nageuza shingo.

Kulehemu nilijifunza mwenyewe, kwa kuungua. Nilichonga kipande kinene cha shaba, nikakitia mpini wa mti, nikawa nakichomeka kwenye jiko la mkaa pembeni ya sufuria ya maharage. Risasi, ile ya kuungia waya, niliikwangua kwenye redio zilizokufa. Lakini haikushika, iliviringika kama maji juu ya jani la magimbi. Nilihangaika sana. Kilichonisaidia ni utomvu wa misonobari ya pale kanisani. Nilikuwa na utomvu mkononi siku hiyo kwa sababu nyingine kabisa, nilitaka kuziba ndoo. Tone likaangukia kwenye waya wa moto, moshi ukatoka wenye harufu nzuri, na risasi ikalala chini yenyewe, imeng'aa. Kuanzia hapo kibanda chetu kikanukia misonobari. Shangazi akasema angalau mtu akilalamikia ugali ana kitu kizuri cha kunusa.

Redio niliipata vipandevipande. Ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja, ililiwa na panya upande wa waya. Ya pili ilianguka kutoka mgongoni mwa punda. Ya tatu ilikuwa na spika tu, tena spika yenyewe karatasi lake limepasuka. Nilitoa hiki hapa nikaweka pale. Karatasi la spika nililiziba kwa kipande cha mfuko wa unga na gundi ya uji. Sanduku nililitengeneza kwa ubao mwembamba wa kasha la majani ya chai, bado lina herufi nyeusi za kiwandani ubavuni. Kitasa cha kutafutia stesheni ni kifuniko cha chupa.

Betri mpya zilikuwa hazipatikani hata kwa dawa. Watu walikuwa wanazianika zilizochoka juani, pamoja na mahindi, wengine wanazichemsha. Mimi nikajiuliza: betri nne zinazotakiwa, kama kila moja imebaki na nusu ya nguvu, si nipange nane? Nikapasua mwanzi katikati, nikazilaza humo zimefuatana, mbele ya huyu kwenye mkia wa huyu, kama ng'ombe wanaokwenda mnadani. Mara ya kwanza nilizipanga zikitazamana, maana niliona ni adabu mtu akutane na mwenzake uso kwa uso. Haikulia. Nilipozigeuza zikafuatana, kifuniko cha chupa nikakizungusha taratibu, kukawa na kelele ya mvua, halafu mtu akaongea.

Alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Bwana fulani wa Sumbawanga anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie na watu wengine ambao siwajui. Shangazi akaangua kilio. Analia kweli, anajipiga mapaja.

"Shangazi, unamfahamu?"

"Simfahamu! Lakini kasema vizuri!"

Tukaanza kucheka, tunacheka na yule mama wa watu amekufa, Mungu atusamehe.

Baada ya hapo kibanda kikawa na watu. Saa ya matangazo wanakaa kimya, wanasikiliza kama kuna wa kwao. Saa ya mpira hapatoshi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na kiti chake maalumu mbele kabisa, na mpira ukiwa mtamu anagonga meza yangu mpaka mwanzi unatikisika na sauti inakatika.

"Binti, rekebisha mitambo!" anapiga kelele.

"Wewe balozi ndiye unayeivunja!"

"Bao likipotea nakufunga!"

Nakumbuka kila neno, na ninaomba msomaji alikumbuke hilo: balozi aliniona nikiilehemu ile redio. Alinishikia taa.

Kwa kuwa betri zilikuwa zinakufa haraka, kila mtu aliniletea zake zilizokwisha. Watu wa Nakwa, watu wa Singe, wachungaji wa ng'ombe, wote. Mtu anakuja kula ugali anatoa mfukoni betri mbili zilizovimba, anasema onja hizi. Zenye uchachu naweka kwenye mwanzi, zisizo na kitu naweka kwenye debe. Debe likajaa.

Na ndilo debe hilo walilolimwaga.

"Betri debe zima," msimamizi alisema siku ile, "na wananchi wanakaa gizani!"

"Mzee, zimekufa zote hizo. Zionje."

"Nionje?"

Watu wakacheka tena, safari hii kidogo upande wangu. Hilo lilimuudhi. Nikamwona uso unabadilika, nikajua nimeharibu.

Nikasema polepole, kwa heshima: "Mzee, nipe bisibisi. Nitaifungua mbele ya watu wote hawa, nitazitoa waya zote, nitazirudisha. Isipolia nifungwe."

Mgambo mmoja, kijana ambaye asubuhi ile ile nilimpakulia uji, akasema, "Mkuu, tumwache ajaribu." Msimamizi akamkata jicho, kijana akaangalia chini, akaanza kuokota betri.

Nikamgeukia balozi. Alikuwepo, amesimama nyuma ya watu. "Balozi, wewe unajua. Mwambie."

Balozi alikohoa. "Mimi redio naisikiaga tu," akasema. "Ilikotoka sijui."

Shangazi alimtukana kwa Kiiraqw, tusi ambalo siliwezi kuliandika kwa Kiswahili, nafasi haitoshi.

Wakanipeleka ofisini, nikakalishwa sakafuni mpaka jioni pamoja na mama mmoja aliyekutwa na vipande vya sabuni. Tukasimuliana, tukachekana, tukagawana muhogo wake. Jioni akaja mkubwa mmoja, akaangalia betri zangu zimeota kutu na zimevuja maji, akauliza ni nani mjinga aliyeleta takataka mezani kwake. Nikaachiwa. Redio nikaambiwa imebaki kama ushahidi, nirudi Jumatatu. Nikarudi Jumatatu. Nirudi wiki ijayo. Nikarudi. Iko stoo. Mwenye ufunguo wa stoo kasafiri. Ushahidi wa kesi gani, wakati mimi sina kesi? Hakuna aliyeniambia.

Miezi ikapita. Shangazi akapata kazi ya kupika sherehe ya kipaimara huko Singe, nyumbani kwa msimamizi yuleyule. Nilikataa kwenda. Shangazi akasema, "Mwanangu, mwaka huu hatuchagui sufuria." Nikaenda.

Nimebeba sufuria la wali, navuka ukumbi, nasikia mtu anasoma taarifa ya habari. Sauti nene, na kila inaposhuka chini kabisa kuna kitu kinavuma ndani yake kama nyuki kwenye kopo. Nikasimama na sufuria langu. Ule mvumo ni kiraka cha mfuko wa unga. Hakuna kiwanda duniani kinachotoa redio yenye mvumo ule.

Ilikuwa kwenye kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma cheupe, imependeza kama bibi harusi. Pembeni kitambaa hakikufika, nikaona herufi za kasha la chai. Na nyuma yake, badala ya mwanzi wangu, palikuwa na betri nne mpya, zinang'aa, za aina ileile ambayo duka la ushirika lilikuwa halina tangu mwaka uliopita.

Akaingia mwenyewe.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wali peleka jikoni."

"Mzee, hiyo redio."

"Redio gani?"

"Hiyo inayovuma."

Akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Binti, redio zote zinasema Kiswahili kimoja." Akaongeza sauti.

Nilipeleka wali jikoni. Nilikuwa na umri wa kuolewa, kelele zingeniharibia jina, na sikuwa na mtu wa kunisemea, ungefanya nini wewe?

Sijaacha ufundi wangu. Nimeshatengeneza redio nyingi tangu hapo, pasi, na siku hizi taa za sola za wajukuu wa walewale walioniletea betri. Naramba mpaka leo, binti yangu ananikataza. Mimi nina furaha zangu na sioni haya kuzisema. Lakini ile ilikuwa ya kwanza. Ile ndiyo iliyoniambia kwamba mtoto wa darasa la nne anaweza kukifanya kitu kiongee. Na siku ya msako, ilipotakiwa kuniongelea, ninyi mliokuwepo mkanitangaza mwongo mbele ya mji mzima. Wako watu wazima Babati leo ambao wakiniona bado wanasema, yule mama wa redio ya wizi.

Kijana wa mgambo, wewe alikuwepo aliyekutisha, nakuacha. Balozi, wewe hukutishwa na mtu. Ulinishikia taa. Njoo uniambie lile "sijui" ulilitoa wapi.

Na wewe msimamizi, bado uko hai, nakuona Jumapili unakaa benchi la mbele, unaitwa mzee wetu, unapewa kipaza sauti kuwaasa vijana. Mimi sidai redio, najua imekwishaoza. Nataka unijibu jambo moja. Niliomba bisibisi tu. Watu walikuwepo, jua lilikuwepo, redio ilikuwa mkononi mwako. Kama uliamini kweli kwamba nimeiba, kwa nini hukuniacha niifungue? Ulijua. Ulijua tangu nilipofungua mdomo. Basi Jumapili ijayo ukipewa kile kipaza sauti, kabla hujaasa mtu, sema mbele ya watu walewale na watoto wao: redio ile aliitengeneza yule binti. Nitakuwa nimekaa benchi la tatu, upande wa wanawake. Nasubiri kukusikia.